Anayenunua kabati la zana aanze na bati na reli, rangi baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowala fedha mafundi magari, hasa vijana wanaofungua gereji zao za kwanza: namna ya kuchagua kabati jipya la zana. Nazungumzia lile kabati la bati lenye droo na magurudumu, si kisanduku cha kubeba mkononi. Swali la kwanza dukani, na hata kwa mchomeleaji, huwa "zipo rangi gani?" Swali hilo lina uzito wake na nitalifikia. Lakini likitangulia mengine yote, fundi huondoka na kitu kinachong'aa ambacho baada ya muda mfupi droo yake ya chini haifunguki bila kupigwa teke.

Rangi haielezi ubora wala asili. Beta ya Italia inajulikana kwa rangi ya chungwa, Hazet ya Ujerumani kwa bluu, Snap-on ya Marekani kwa nyekundu, na kila mwenye kiwanda cha kuiga analijua hilo vizuri. Cha kutazama kwanza ni bati.

Mwili wa kabati lenye upana wa milimita 900 unataka bati la milimita 1.2, yaani geji 18. Droo zinaweza kuwa za milimita 0.9, geji 20. Ukishuka chini ya hapo kuta hucheza, na kuta zikicheza, reli ambazo droo huteleza juu yake hazikai sambamba. Wapo wauzaji wanaompimisha mteja kwenye ukingo wa droo, pale bati lilipokunjwa likawa mara mbili. Venia, kile kipimo cha unene, inasoma 1.2 na zaidi wakati bati lenyewe ni 0.6. Chomoa droo, pima ukuta wake mahali penye tabaka moja. Rangi nayo inapimwa humohumo: poda, yaani rangi ya unga inayoivishwa tanurini, ikipakwa vizuri ina mikroni 60 hadi 80 kila upande (mikroni 1,000 ni milimita moja), kwa hiyo bati la 0.9 likisoma 1.05 si ajabu, na mtu asikuuzie kwa jina la 1.0. Kwa anayechongesha Gerezani, Dar es Salaam, au kwa fundi wa mtaani kwake, mzani ndio shahidi. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa 1.2 ina kilo 28 hivi, ya 0.9 ina kilo 21, ya 0.6 ina kilo 14 tu. Ipimwe kabla haijakatwa.

Baada ya bati njoo kwenye reli, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu makabati mengi hufia hapa. Reli ziko za aina mbili: za bati kusuguana na bati, na za gololi. Za kusuguana achana nazo. Za gololi zenyewe hutofautiana kwa upana wa reli: ya milimita 45 ndiyo kawaida ya kubeba kilo 45 kwa jozi, na ile nyembamba ya milimita 35 inayofungwa kwenye makabati ya nguo hubeba pungufu. Kilo hizo ni za jozi, si za reli moja, na ni za mzigo uliotandazwa sawasawa. Ukirundika soketi za impakti, zile nene za mashine ya kufungulia nati, upande wa kushoto na kuacha kulia patupu, reli ya kushoto inabeba karibu mzigo wote. Tena droo ikiwa pana kuliko kina chake huenda upande ikivutwa kwa mkono mmoja pembeni. Ndiyo maana droo nzito za chini, za kuwekea grinda, nyundo na puli za kung'olea beringi, zifungwe jozi mbili, na mpini wake uwe mrefu kutoka kona hadi kona.

Kwa wachomeleaji: reli ya milimita 45 inataka nafasi ya milimita 12.7 kila upande. Droo iwe pungufu kwa milimita 26 kuliko uwazi wa kabati, isiwe 25 kamili. Rangi ndiyo inayokula hiyo tofauti. Kuta nne zinazotazamana, mbili za droo na mbili za kabati, kila moja ikipata mikroni 70, tayari umepoteza karibu milimita 0.3. Droo iliyoteleza vizuri kabla ya kupakwa hugoma baada ya kupakwa, na wengi hudhani reli ni mbovu. Nafasi ikizidi sana nayo ni kasoro: reli hupanuka, gololi hutoka kwenye kishikio chake na kumwagika. Reli zifungwe baada ya rangi kuiva, kwa skrubu za M5 zenye kichwa bapa, kwani kichwa kikichomoza hukwaruza reli ya ndani kila droo inapopita. Zisichomelewe kamwe. Joto la kuchomelea huunguza grisi na kupinda reli, na siku ya kuibadilisha itabidi ukate kwa grinda.

Vumbi ni adui wa gololi. Dawa yake ni kufuta kwa kitambaa kikavu na kutia tone la mafuta mepesi. Grisi nzito hunasa mchanga, ikageuka kuwa msasa.

Idadi ya droo si fahari. Droo 7 zilizopangwa vizuri zinashinda 11 zenye kimo kimoja. Kwa gereji ya magari ya Kijapani, ambako spana namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19 ndizo zinazoshinda kazini, panga droo tatu za juu zenye uso wa kimo cha milimita 75 kwa spana, bisibisi, racheti na soketi fupi zilizolazwa. Mbili za kati ziwe 100, ambamo plaizi na soketi ndefu husimama. Mbili za chini ziwe 150. Wanaofanya pia magari ya Kijerumani waongeze nafasi ya namba 13, 16 na 18 katika safu yake, zisichanganywe na hizo nyingine. Droo ya kina kirefu iliyowekwa juu hugeuka kuwa jalala: zana hulaliana, na fundi hutumia dakika tano kutafuta kitu cha sekunde moja.

Magurudumu yahesabiwe kwa tatu, siyo kwa nne. Sakafu ya gereji si kioo. Daima kuna gurudumu moja linaloning'inia wakati matatu yamebeba. Kabati la kilo 90 likiwa na zana za kilo 150 ni kilo 240. Gawa kwa tatu, upate 80. Nunua magurudumu ya kilo 100 kila moja, ya kipenyo cha milimita 125 kwa sakafu ya saruji, mawili ya kuzunguka yenye breki na mawili ya kwenda mbele tu. Yote manne yakizunguka, kabati hukimbia kama toroli la sokoni. Nailoni ngumu hukwama ikikutana na nati moja sakafuni. Mpira wa kawaida huvimba ukilowa oili. Poliyurethani huvumilia oili. Gereji ya chini ya mwembe, yenye mchanga, haihitaji magurudumu hayo kabisa. Huko kabati lisimame kwenye fremu ya engo juu ya matofali, lipate hewa chini, na fedha ya magurudumu iongezwe kwenye kufuli.

Kupinduka ni jambo ambalo halizungumzwi hadi mtu avunjike mguu. Chukua kabati lenye kina cha milimita 500, na mwili wake pamoja na vilivyomo, ukiacha droo utakazovuta, una kilo 60. Magurudumu ya mbele yako milimita 50 ndani ya ukingo. Vuta droo ya juu yenye kilo 20 mpaka mwisho, halafu ya pili ya kilo hizohizo: bado linasimama, lakini liko ukingoni. Ya tatu inaliangusha. Kwa hiyo chaguo la kizuizi kinachoruhusu droo moja kufunguka kwa wakati mmoja lina thamani kuliko kifuniko chenye shokapu ndogo za gesi. Lisipopatikana, zana nzito zikae chini na kabati lijazwe kuanzia chini. Kila droo pia iwe na klipu ya kuizuia isifunguke yenyewe wakati wa kusukuma.

Kuhusu kufuli, vitasa vidogo vya duara vinavyokuja na makabati ya bei nafuu hufanana funguo. Kitasa cha kabati lako chaweza kufunguka kwa ufunguo wa jirani. Chongesha nondo ya wima inayopita mbele ya droo zote, ifungwe kwa kufuli kubwa. Kama kitasa kina namba iliyochongwa, iandike daftarini siku ya kwanza, kabla ufunguo haujapotea.

Juu ya kabati pia pana chaguo. Bati lililopakwa rangi likitumika kama meza haliishi, kwa sababu mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi, hata ya poda yakiachwa. Ubao wa mninga wa milimita 30 unafaa sana: unapokea nyundo, ukichafuka unapigwa randa. Kipande cha mkanda wa konveya uliotumika ni kizuri vilevile na bei yake ni ndogo. Ekstensheni ya umeme iliyojengewa ubavuni ni ya maana kwa wanaochaji drili na kompyuta ya kupimia gari, ila makabati yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hubeba ekstensheni za volti 120, zisizofaa kwa umeme wetu wa volti 230 wala plagi zetu za miguu mitatu bapa. Usilipie kitu utakachokitoa.

Sasa rangi.

Kabati linalokaa juani, au linalopigwa na jua la asubuhi mlangoni, lisiwe jeusi. Bati jeusi hupata joto kiasi cha kuunguza mkono, na nyeusi ya kung'aa huonyesha kila chembe ya vumbi na kila mkwaruzo mwembamba. Nyekundu na chungwa za bei nafuu ndizo za kwanza kupauka. Nyekundu huishia kuwa ya waridi upande wa jua na kubaki nyekundu upande wa ukuta. Bluu ya wastani na kijivu huzeeka kwa heshima. Rangi ya vidutuvidutu, wanayoiita hamatoni, huficha mikwaruzo na mabonde madogo, lakini uchafu wa grisi hukaa kwenye vidutu hivyo na kuusugua ni kazi. Chaguo langu kwa gereji nyingi ni kijivu hafifu, RAL 7035 (namba katika orodha ya rangi ya Kijerumani iitwayo RAL), kwa mwili. Ndiyo rangi ya makabati mengi ya umeme, inapatikana kirahisi, na oili ikivuja juu yake unaiona papo hapo. Anayetaka rangi ya kupendeza aiweke kwenye nyuso za droo peke yake, kwani hizo hupakwa pembeni na zinaweza kupakwa upya bila kubomoa kabati. Wewe andika namba ya RAL kwenye risiti. Neno "bluu" halitamsaidia mtu miaka mitatu baadaye akitaka kuongeza kabati la juu lifanane na la chini.

Gharama ya poda inategemea sana siku unayopeleka kazi. Karakana inayopaka madirisha ya alumini haiwezi kubadilisha rangi bila kusafisha chumba chote cha kupulizia, na usafi huo atalipa mwenye kazi ndogo. Uliza wiki hii wanapaka rangi gani. Ukikubali kuingia katika mkumbo wao wa kijivu au nyeupe, bei hushuka. Uliza pia kama ni poda ya poliesta au ya epoksi. Epoksi hushika sana ndani ya nyumba, lakini juani hutoa unga kama chaki. Kwa gereji zetu zilizo wazi chukua poliesta. Poda huiva kwa nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hivi, zikihesabiwa tangu bati lenyewe lifikie joto hilo, siyo tangu mlango wa tanuri ufungwe. Kuijua isiyoiva, pangusa mahali palipojificha mara 20 kwa kitambaa chenye thina. Ikilainika au ikihamia kwenye kitambaa, rudisha tanurini.

Sisi wa pwani tuna shida ya ziada. Poda hurushwa ikiwa na chaji ya umeme, na chaji hiyo huifanya ishike kwenye nyuso na kingo huku ikikwepa kona za ndani. Kutu la Tanga, Mombasa na Unguja huanzia humo humo, kwenye kona na kwenye maungo yaliyopigwa spoti ya kuchomelea, ambako hewa ya chumvi hupenya kati ya bati mbili. Dai praima ya zinki au ya epoksi chini ya rangi, na baada ya rangi jaza maungo ya chini kwa silanti ya kuziba nyufa. Hili lina faida kuliko kuongeza koti la tatu la rangi kwa nje.

Anayepaka kwa brashi au kwa kupuliza asiweke rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya bati lenye zinki. Zinki hukutana na mafuta ya rangi ikatengeneza kitu kama sabuni katikati, na rangi hubanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Bati hilo linataka praima yake maalumu ya kung'ata zinki. Bati jeusi, yaani lisilo na zinki, ni rahisi zaidi: futa mafuta ya kiwandani kwa thina, piga msasa namba 120, praima mikono miwili, rangi mikono miwili, na saa 24 kati ya mkono na mkono.

Rangi yenye kazi kubwa kuliko zote ni ya ndani ya droo, nayo karibu hakuna anayeiuliza. Soketi nyingi za impakti ni nyeusi, na ndani ya droo nyeusi hazionekani. Ndani pawe peupe au kijivu hafifu. Bora zaidi, tandika sponji ya EVA, ileile inayotengenezewa kandambili, kwa tabaka mbili: ya chini ya njano yenye milimita 5, ya juu nyeusi yenye milimita 10 au zaidi kufuatana na unene wa zana. Chora kila zana juu ya ile nyeusi, kata kwa kisu chembamba, acha kijinafasi cha kidole cha milimita 25, kisha gundisha kwa gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri ikauke hadi isinate kwenye kidole, ndipo ubandike. Zana ikitoka, njano inakodoa macho. Kabla boneti haijafungwa unajua soketi namba 10 haijarudi, na unaitafuta ikiwa bado iko juu ya injini, haijaangukia kwenye mkanda wa feni. Usitumie sponji ya godoro. Inanyonya jasho na unyevu, na spana zinazolala juu yake hupata kutu upande wa chini usiouona.

Katika gereji yenye mafundi wanne au watano kila mmoja awe na rangi yake, na rangi hiyo iwe ile inayopatikana kwenye mkanda wa umeme: nyekundu, njano, bluu, kijani, nyeupe. Uso wa droo, mkanda kwenye mpini wa nyundo, alama kwenye spana, vyote rangi moja. Mkanda ukilowa dizeli hutoka, kwa hiyo kwenye chuma chonga mfereji mdogo kwa grinda na ujaze rangi.

Ninaandika haya sasa kwa sababu vikundi vya vijana vinavyoomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 iliyotengwa kwa vijana kati ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, hutakiwa kupeleka ankara za vifaa. Ankara ikisema tu "kabati la zana, jekundu, droo 7", muuzaji yuko huru kuleta bati la 0.6 na reli za kabati la nguo, na kikundi hakina pa kushika. Nawaomba maofisa maendeleo ya jamii wasiipitishe ankara ya namna hiyo, na walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA wawafundishe wanafunzi kuandika mahitaji yao kabla hawajahitimu. Maneno yenyewe yanaenea katika mistari michache:

"Kabati la zana, upana milimita 900, kina 500, kimo 950 pamoja na magurudumu. Mwili bati 1.2, droo bati 0.9. Droo 7: tatu za uso wa 75, mbili za 100, mbili za 150. Reli za gololi za upana wa 45, urefu 450, jozi 9, mbili za ziada zikiwa kwenye droo mbili za chini. Zifungwe kwa skrubu baada ya rangi. Magurudumu manne ya poliyurethani, kipenyo 125, kilo 100 kila moja, mawili yenye breki. Nondo ya kufuli mbele. Ubao wa mninga wa 30 juu. Poda ya poliesta RAL 7035 ndani na nje juu ya praima ya zinki, nyuso za droo RAL 5005 (bluu). Maungo ya chini yajazwe silanti. Uzito wa kabati tupu kilo 90 hivi. Litapimwa wakati wa kupokea."

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi magari,
Tanga